Harara Isiyo na Uvimbe

Mwaka 1948 matabibu wawili wa Marekani, Posner na Schlossman, walieleza maradhi ya jicho ambayo jina lake la kitaalamu, lenye asili ya Kiyunani, ni refu kiasi cha kumkatisha msomaji pumzi, na ndani yake mna mambo matatu: glakoma, yaani shinikizo la maji ya jicho linaloudhuru mshipa wa fahamu wa kuonea, harara ya kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya kiwambo cha rangi kiizungukacho mboni, ambacho ndicho kiyatoayo maji hayo, na kuja kwa ghafula.

Nimesema harara, wala sikusema uvimbe, kwa makusudi. Mfasiri mwenye haraka akiandika uvimbe, msomaji atatazamia kope zilizotutumka na jicho jekundu kama pilipili, ilhali mgonjwa huyu, aghalabu mwenye umri wa miaka 20 hadi 50, huja jicho lake likiwa jeupe karibu sawa na la pili, na mashaka yake ni ukungu kidogo na maduara ya rangi ayaonayo kuizunguka taa. Akipimwa, shinikizo, ambalo kwa kawaida huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki, hukutwa limefika 40, pengine 60. Tabibu asipotahadhari hudhani ni glakoma ya pembe iliyofunga, yaani ya pembe ya kutokea maji ya jicho iliyozibika, ile ya maumivu makali na kutapika; lakini akiweka kioo chake juu ya konea, utando angavu wa mbele ya jicho, huiona pembe i wazi, na akimulika kwa hadubini huona nyuma ya konea vidoa viwili vitatu, vyeupe, vya mviringo, navyo ndivyo karibu ushahidi wote wa harara.

"Presha ya macho," wasemavyo watu, si jina baya, ila nachelea humfanya mtu adhani ni presha ya damu iliyompanda machoni. Ama lile la ghafula, wako walifasirio "mgogoro", kana kwamba macho mawili yamegombania shamba! Mimi naona lafaa "mzuko", kwa kuwa maradhi haya huzuka, yakakaa saa kadhaa au majuma, yakatulia, kisha yakarejea, aghalabu katika jicho lile lile. Basi tuseme: mzuko wa shinikizo na harara ya jicho.

Nawe uyaonaye maduara hayo kwa jicho moja, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Shinikizo likisharudi mahali pake, tabibu hatakuta ila vidoa, na pengine hata hivyo havipo.