Majina ya Wakonzo na Daftari la Serikali

Mkonzo wa magharibi mwa Uganda hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza huitwa Mumbere au Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Kwa ndugu, jina hilo linaeleza nani katangulia na nani kafuata. Kwa mgeni halielezi mengi: ukiita Baluku katika soko la Bwera, wataitika wengi. Ndiyo siri yake. Jina hutajwa hadharani, mwenyewe akabaki amehifadhika.

Wakoloni walipokubaliana mipaka yao mwaka 1910, koo za Wakonzo zilibaki pande zote mbili, Uganda na Kongo. Huko Kongo, ambako watu hao huitwa Wanande, Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule. Mfanyabiashara anayevuka mpaka pale Mpondwe aweza kuitwa hivi ng'ambo hii na vile ng'ambo ile, na yote mawili ni kweli.

Kujificha kwa lazima ni jambo jingine. Chini ya ufalme wa Toro, baadhi ya vijana wa Kikonzo walijiandikisha kuwa Watoro ili wapate nafasi shuleni. Ilikuwa bei kubwa mno kwa mtoto kulipia dawati. Unyonge wa namna hiyo ulichochea vuguvugu la Rwenzururu, ambalo chini ya Isaya Mukirania lilitangaza kujitenga na Toro tarehe 30 Juni 1962. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu, uliotokana na vuguvugu hilo, mwaka 2009, chini ya mwana wa Mukirania, Charles Wesley Mumbere.

Mwaka 2014 Uganda ilianza kuandikisha raia wake kwa kitambulisho cha taifa, na baadaye laini za simu zikafungwa kwenye nambari ya kitambulisho hicho. Baluku mmoja sasa hutengwa na Baluku mwingine kwa alama za vidole. Anayetuma pesa kwa simu huoneshwa jina la mpokeaji, hata kama hawajuani. Na kwa wakala wa huduma hiyo, mara nyingine jina, nambari na kiasi huandikwa katika daftari ambalo anayefuata kwenye foleni aweza kulisoma. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inamtaka anayezikusanya apate ridhaa ya mwenyewe, isipokuwa sheria ikimruhusu vinginevyo, na kuzilinda zisifikiwe na wasiohusika.