Dagaa wa Mwaloni na hisa za Sh850

Agosti 15, 2017, Vodacom Tanzania iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ikiwa kampuni kubwa ya kwanza ya simu nchini kufika hapo. Hisa moja ilikuwa imeuzwa kwa Sh850. Tangu hapo, kila bei iliposhuka chini ya Sh850, swali lilelile lilirudi mezani: huu si ndio wakati wa kununua? Swali ni halali, ila limekatwa nusu. Historia ya hisa hizi inaonyesha kwamba kushuka kwa bei peke yake hakumwambii mnunuzi lolote mpaka ajue kilichoishusha, na mpaka ajue pia kama siku akitaka kuuza atampata wa kumuuzia. Wanaotazama bei tu, kama watu wanavyotazama matokeo ya mpira, wamebaki na nusu ya kwanza ya swali.

Hilo si somo geni kwa mtu wa Mwanza. Pale Mwaloni, Kirumba, dagaa hushuka bei kwa sababu mbili zisizo na undugu. Kipindi cha giza, usiku usio na mwezi, kikiingia na taa zikawaka usiku kucha ziwani, mzigo unafurika na bei inalegea. Dagaa hao ni wazima. Anayewanunua akawaweka pakavu atawauza mbalamwezi ikitoka, boti zikiwa zimepumzika. Lakini bei hushuka pia mvua inapowakuta wameanikwa mchangani. Hao huishia kuwa chakula cha kuku, na hakuna mbalamwezi itakayowaokoa. Ukiyatazama kwa mbali, magunia hayo yanafanana. Ndiyo maana mchuuzi haangalii juu ya gunia tu: anazamisha mkono mpaka chini, anachota, ananusa, anawavunja kati ya vidole asikie kama wanakatika au wanajikunja.

Soko la hisa lenyewe lina umri mdogo. Sheria ya masoko ya mitaji ilipitishwa 1994, na biashara ya hisa ikaanza Aprili 1998 kwa kampuni ya gesi, TOL. Kumiliki kwa pamoja, hata hivyo, ni jambo la zamani zaidi huku ziwani. Wakulima wa pamba waliungana chini ya shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, wakafika hadi kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Anayeshangaa kwa nini mtu wa Kanda ya Ziwa anamwamini ng'ombe kuliko karatasi ya umiliki aanzie hapo.

Kisa cha Vodacom chenyewe kilianza kwa amri. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2016, chini ya Rais John Magufuli, mtu wa Chato hukohuko ziwani, yalizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia soko la hisa. Vodacom ikaingia na hisa 560,000,100, ikitafuta Sh476 bilioni. Dirisha lilifunguliwa Machi 2017, na wanunuzi walitakiwa kuwa Watanzania pekee. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Upande mmoja ulisema mgeni akiruhusiwa mapema atazikomba hisa zote na kumwachia mwananchi makombo. Upande wa pili uliuliza hizo Sh476 bilioni zitatoka mifuko gani, kwa wiki chache, katika nchi ambayo wengi hawajawahi kumwona dalali wa hisa. Aprili ikafika, fedha hazijatimia. Tarehe ikasogezwa hadi Mei. Mwishowe masharti yakalegezwa, wawekezaji wa nje wakaruhusiwa, na ndipo hisa zikaisha. Watanzania zaidi ya 40,000 walikuwa wamenunua. Ni sifa ya kweli, kwa sababu kwa wengi wao hiyo ilikuwa hisa ya kwanza maishani.

Lakini ubishi ule uliacha kovu ambalo hutajwa kwa nadra. Bei ya Sh850 haikutokana na wanunuzi na wauzaji kuvutana sokoni mpaka wakakutana. Ilipangwa, kisha watu wakatafutwa wa kuilipa, na walipokosekana mlango mwingine ukafunguliwa. Bei ya namna hiyo ni kipimo kibovu cha kuamulia kama Sh770, ambapo hisa hii iliganda kwa muda mrefu, ni rahisi au ghali. Anayesema "imeshuka, kwa hiyo nafuu" anapima kwa rula ambayo urefu wake haujathibitishwa.

Tuzamishe mkono basi ndani ya gunia. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilipata hasara ya takriban Sh30 bilioni, na maelezo yake yaliinyooshea kidole hatua ya kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, iliyofika hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja. Ilipunguzwa Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022. Mwaka ulioishia Machi 2023 faida ilikuwa imerudi. Ni kweli kwamba kampuni ina kila sababu ya kuitupia lawama sheria, na msomaji ana haki ya kulipunguza uzito neno lake. Hata hivyo ushahidi haukuwa kwenye vitabu vyake tu. M-Pesa ilikuwapo nchini tangu 2008, na vibanda vyake vimesimama mpaka kwenye mialo ya wavuvi. Tozo ilipokata wateja, athari ilionekana kibandani kabla ya mkaguzi wa hesabu kufungua daftari. Hao walikuwa dagaa wa giza: biashara nzima, bei iliyolegezwa na jambo linaloweza kuondolewa kwa kalamu ileile iliyolileta.

Atakayepinga atasema sababu hizi zote hujulikana baadaye, na kwamba njia ya uhakika ni kununua kila anguko na kuvumilia. Ataitaja Safaricom ya ng'ambo ya pili ya ziwa: iliuzwa kwa Sh5 za Kenya mwaka 2008, ikateremka chini ya Sh3 mwaka uliofuata, na kufikia 2021 ikapita Sh40. Mfano ni mzuri, ila soko hilohilo la Nairobi lilikuwa na Uchumi, duka kubwa ambalo hisa zake ziliorodheshwa mpaka Dar es Salaam. Aliyenunua Uchumi kwa sababu imeshuka aliishuhudia ikishuka tena, maana rafu zilikuwa tupu. Marekani nako, fahirisi ya Nasdaq iliyojaa kampuni za teknolojia iliporomoka kutoka zaidi ya 5,000 Machi 2000 hadi karibu 1,100 Oktoba 2002. Amazon ilinusurika, kampuni nyingi zikazikwa, na fahirisi yenyewe ilirudi kileleni mwaka 2015. Aliyenunua baada ya kushuka theluthi ya kwanza tu alikuwa na safari ndefu mbele yake.

Liko pingamizi zito zaidi: mwenye subira hahitaji mnunuzi wa kesho, anakula gawio. Ni kweli, mradi kampuni haimo katika miaka ya hasara na mwenye hisa hana ada ya shule inayomsubiri Januari. Siku hizi hisa hununuliwa kwa simu ya mkononi, hatua ambayo ingestahili kupigiwa debe Mwanza kuliko inavyopigiwa, lakini simu haimzai mnunuzi. Bei inapoganda mahali pamoja kwa miezi na miezi, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Mwenye gunia pale Mwaloni anajua lori lijalo linapakia lini na dereva ni nani. Mwenye hisa 100 za Sh85,000 anaweka oda yake ya kuuza, anafunga simu, kesho yake anaifungua na kuikuta palepale.