Usafirishaji wa silaha binafsi kati ya majimbo (Marekani)

Usafirishaji wa silaha binafsi kati ya majimbo ni suala la kisheria nchini Marekani linalomhusu mtu anayevuka mpaka wa jimbo akiwa na bunduki au bastola anayoimiliki kihalali. Marekani haina leseni moja ya silaha inayotambulika nchi nzima. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina sheria zake, na baadhi ya miji, New York ikiwa mfano maarufu, huongeza za kwake. Bastola isiyo na kasoro yoyote kisheria mjini Philadelphia, Pennsylvania, inaweza kumtia mwenyewe gerezani akishavuka Mto Delaware na kuingia New Jersey, safari ya dakika chache kwa gari.

Sheria ya shirikisho inampa msafiri kinga yenye mipaka kupitia kifungu cha 926A cha Sura ya 18 ya sheria za Marekani. Wengi huichukulia kama ruhusa ya kubeba silaha popote, jambo ambalo si kweli.

Asili

Silaha iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilikuwa imeagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago. Mjadala wa kuzuia biashara ya namna hiyo ulidumu miaka mitano, hadi mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka 1968 yalipolisukuma Bunge. Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Kudhibiti Silaha tarehe 22 Oktoba 1968. Sheria hiyo iliwazuia watu binafsi kuagiza silaha kwa posta kutoka jimbo jingine, na ikapiga marufuku mtu kununua bastola nje ya jimbo analoishi.

Wamiliki wa silaha, wakiongozwa na chama chao chenye nguvu cha NRA, walilalamika kwamba maofisa wa serikali wanawaandama watu wasio na hatia. Malalamiko hayo yalizaa Sheria ya Kuwalinda Wamiliki wa Silaha, iliyobebwa na Seneta James McClure wa Idaho na Mbunge Harold Volkmer wa Missouri. Rais Ronald Reagan aliitia saini tarehe 19 Mei 1986, na kifungu cha 926A kilizaliwa humo. Sheria hiyohiyo, kwa nyongeza ya Mbunge William Hughes wa New Jersey, ilifunga mlango wa kuuza bunduki mpya za rashasha kwa raia.

Masharti ya kifungu cha 926A

Kinga humpata mtu asiyezuiwa na sheria kumiliki silaha, anayesafiri kwa lengo halali. Silaha iwe halali kwake kuwa nayo na kuibeba anakotoka, na iwe hivyohivyo anakokwenda. Yanayosemwa na sheria za majimbo ya katikati hayamgusi, ilimradi atimize masharti. Silaha iwe imetolewa risasi. Silaha na risasi zote zikae mahali pasipofikika kutoka sehemu ya abiria, na kwa gari la kawaida hapo ni kwenye buti. Kwa gari lisilo na sehemu ya mizigo iliyotengwa na ya dereva, silaha na risasi ziwekwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli, na kisanduku cha dashibodi hakihesabiwi kuwa chombo hicho hata kikiwa na kufuli.

Mkazi wa Vermont anayekwenda kuwinda Pennsylvania anaweza basi kukatiza New York. Akipanga kukaa New York wiki nzima kwa shangazi yake, New York si njia tena bali ni mwisho wa safari, na sheria za huko zinamshika. Kati ya hali hizo mbili kuna kulala hotelini, kutengeneza gari lililoharibika na kukwama kwa sababu ya theluji. Kifungu hakisemi lolote kuhusu hayo, na pengo hilo ndilo lililojaza mahakama.

Kesi mashuhuri

Iliyo maarufu zaidi ilianza mwaka 2005. Msafiri mmoja wa Utah alikuwa akielekea Allentown, Pennsylvania, kwa ndege, bastola na risasi zake zikiwa zimefungwa vyema kwenye mzigo alioukabidhi. Alikosa ndege ya kuunganisha mjini Newark, New Jersey, akarudishiwa begi lake na kwenda kulala hoteli ya jirani. Asubuhi alirudi uwanjani na kutaja silaha yake kaunta, kama kanuni zinavyotaka. Polisi wa Mamlaka ya Bandari walimkamata, akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, naye akashtaki. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ilimnyima haki: usiku ule begi lilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo silaha ilifikika, kwa hiyo kinga ilikatika. Majaji walikiri kwamba aliingia matatani bila kosa lake, lakini wakasema angewaendea polisi wa uwanja kabla ya kuchukua mzigo. Ni ushauri ambao wasafiri wachache wangeufikiria.

Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili iliamua kwamba aliyekamatwa kinyume cha 926A hawezi kutumia kifungu hicho kudai fidia kutoka kwa polisi. Mwaka 2013 Mzunguko wa Tatu uliongeza kuwa kinga ni ya anayesafirisha silaha ndani ya gari tu, si ya anayetembea na begi uwanjani. Kwa hiyo 926A hutumika zaidi kama utetezi mbele ya hakimu. Pingu zinaweza kutangulia.

Kisa cha mama mmoja wa Philadelphia kilivuma zaidi magazetini. Oktoba 2013 alisimamishwa na polisi New Jersey kwa kosa la barabarani, akawaambia mwenyewe kwamba ana bastola na kibali cha Pennsylvania. Kibali hicho hakitambuliki New Jersey, na bastola haikuwa imefungiwa. Alikabiliwa na kifungo cha lazima cha zaidi ya miaka 3, hadi mwendesha mashtaka alipolegeza msimamo. Gavana Chris Christie alimsamehe Aprili 2015.

Jiji la New York nalo lilikuwa na kanuni iliyomkataza mwenye leseni kutoa bastola nje ya jiji, hata ikiwa tupu na imefungiwa. Kanuni ilipofikishwa Mahakama ya Juu, jiji liliibadilisha upesi, na mwaka 2020 kesi ikatupwa kwa kuwa hakukuwa na kilichobaki cha kuamua.

Ndege, treni na mabasi

Kwa ndege, silaha hutolewa risasi, hufungwa kwa kufuli ndani ya kasha gumu, hutajwa kaunta na kwenda na mizigo ya chini. Haipiti kamwe na mzigo wa mkononi. Hata hivyo mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege walinasa silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, na takriban asilimia 93 zilikuwa na risasi. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kusahau.

Treni za Amtrak zimeruhusu silaha kwenye mizigo tangu Desemba 2010, kwa taarifa ya saa 24 kabla. Mabasi ya Greyhound hayaruhusu.

Vibali vya kubeba

Kubeba silaha iliyofichwa mwilini ni suala jingine. Majimbo mengi hutambuliana vibali kwa makubaliano, na zaidi ya nusu hayadai kibali tena. Maofisa wa polisi, pamoja na wastaafu wanaotimiza masharti, wana ruhusa yao ya nchi nzima tangu 2004.

Silaha maalumu

Bunduki za rashasha na zenye mitutu iliyofupishwa huhitaji idhini ya serikali ya shirikisho kabla ya kuvuka jimbo.

Wageni

Wakazi wa kudumu hutendewa sawa na raia katika sheria ya shirikisho. Wenye viza za muda kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki silaha, isipokuwa wachache, hasa wenye leseni ya kuwinda.

Hali ya sasa

Tarehe 6 Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 231 dhidi ya 198, muswada wa kulazimisha majimbo kutambua vibali vya majimbo mengine. Seneti haikuupitisha.