Mgosi Huitwa Mambo Yakiharibika

Huku kwetu Maramba ukisema "timu" tu bila kutaja jina, watu wanaelewa ni Coastal Union. Wazee hawachoki kusimulia mwaka 1988, Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa wa Bara. Hawajauchukua tena.

Kwenye kikosi kile alikuwamo Juma Mgunda, mshambuliaji aliyeichezea pia Taifa Stars. Wengi wa rika lake walitundika daluga, wakabaki na hadithi za barazani. Yeye akageukia ukocha. Mwaka 2019 alikuwa msaidizi wa Etienne Ndayiragije, Stars ikafuzu fainali za CHAN. Julai 2022 aliifikisha Coastal fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha. Ngoma ikawa 3-3 na Yanga, kisha penalti zikatunyima kombe.

Miezi kama miwili baadaye, Simba wakabaki bila kocha, na Ligi ya Mabingwa Afrika iko mlangoni. Msimu uliotangulia walikuwa wametolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana, tena Dar es Salaam, kwa kufungwa 3-1 baada ya kushinda 2-0 ugenini. Kidonda kilikuwa kibichi. Akaitwa Mgunda, akashike kwa muda.

Basi akashika! Nyasa Big Bullets ya Malawi ikalala 2-0 kwao na 2-0 Dar. Primeiro de Agosto ikafungwa 3-1 palepale Angola, halafu 1-0 kwa Mkapa. Mechi nne, mabao manane, kufungwa moja. Simba wakaingia makundi.

Januari 2023 akaletwa Mbrazili, Robertinho. Mgunda akarudi kuwa msaidizi, wala hakununa. Aprili 2024 kocha mwingine wa kigeni alipoondoka, wakamwita tena amalizie ligi.

Sisemi wageni hawajui kazi. Ninachouliza ni hiki: mtu anayeaminiwa nyumba ikiungua, kwa nini asiaminiwe ikiwa imetulia? Swali hili si la mpira peke yake. Sisi vijana tunaoandika hadithi kwenye madaftari tunalijua vizuri, maana nasi huitwa pale pengo likitokea.

Jibu la Mgunda halikuwa maneno. Kila alipoitwa, alikuwa tayari. Na sisi, siku tukiitwa, tuwe tumeshafanya mazoezi.