Elimu ya viungo: Miondoko ya msingi ya mwili

Mtoto hazaliwi akijua kurusha mpira, wala hajui kuruka kamba kwa sababu tu amekua. Kutembea humjia kwa umri, lakini kurusha, kudaka, na kuruka kisha kutua salama ni stadi zinazohitaji mafunzo na mazoezi ya mara kwa mara, kama ilivyo kusoma na kuandika.

Nchini England, elimu ya viungo ni somo la lazima kwa wanafunzi wa shule za serikali wenye umri wa miaka 5 hadi 16. Mtaala wa taifa uliochapishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Septemba 2014 unataka watoto wa miaka 5 hadi 7 wamudu kukimbia, kuruka, kurusha na kudaka, sambamba na kujenga wepesi na mizani ya mwili. Kabla ya kumaliza shule ya msingi, kila mtoto hutakiwa pia aweze kuogelea angalau mita 25.

Makundi matatu

Wataalamu huigawa miondoko hiyo katika makundi matatu. La kwanza ni miondoko ya kuhama kutoka mahali hadi mahali: kutembea, kukimbia, kutambaa, kuruka kwa miguu miwili au mmoja, na kwenda shoti kama farasi.

La pili ni miondoko ya papo hapo, ambamo mwili hujongea bila ya kuondoka mahali pake. Humo mna kuinama, kujinyoosha, kujipinda, kusukuma, kuvuta na kusimama kwa mguu mmoja.

La tatu ni miondoko ya kumudu vitu: kurusha, kudaka, kudundisha mpira, kuupiga teke au kuupiga kwa gongo.

Namna ya kufundisha

Kila mwondoko una hatua zake. Anayerusha kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto, akaugeuza ubavu kuelekea anakolenga, kisha akauzungusha mwili mzima. Mtoto asiyefundishwa hurusha kwa mkono mtupu, na mpira hauendi mbali.

Anayedaka huukazia macho mpira, huitanguliza mikono, na mpira ukifika huivuta kifuani ili kupunguza kishindo. Anayeruka hukunja magoti na kupunga mikono. Akitua, hukunja tena viungo vya miguu, kwani kutua na magoti yaliyokakamaa huumiza. Naye asimamaye kwa mguu mmoja hutulia zaidi akinyoosha mikono na kukaza macho mahali pamoja.

Mwalimu mwenye busara huanza na mpira mkubwa na laini, kisha mdogo. Huanza karibu, kisha mbali. Aidha huhakikisha kila mtoto ana kifaa chake, kwa kuwa anayesubiri zamu katika foleni ndefu hajifunzi kitu.

Kutoka gwaride hadi ugunduzi

Haikuwa hivyo tangu awali. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha mjini Stockholm, Sweden, chuo cha mazoezi ya viungo yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu. Msweden mwenzake, Martina Bergman-Österberg, aliyafikisha mazoezi hayo katika shule za London kuanzia mwaka 1881, na mwaka 1885 akafungua chuo cha kuwafunza walimu wanawake.

Vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilifichua udhaifu wa afya za vijana wengi waliojitokeza kuandikishwa jeshini. Mwaka 1902 shule zikapewa mwongozo uliofuata gwaride la askari. Ulilaumiwa kuwa haukuwafaa watoto, na mwongozo wa 1909 ukarejea mfumo wa Ling.

Mageuzi mengine yalitokana na Rudolf Laban, mtaalamu wa ngoma aliyezaliwa mwaka 1879 na kuhamia Uingereza mwaka 1938 baada ya kuondoka katika Ujerumani ya Wanazi. Yeye alihimiza maswali badala ya amri: ni kiungo kipi kinachojongea, kinaelekea wapi, kwa nguvu gani na kwa kasi gani? Mtoto akaanza kuugundua mwili wake mwenyewe, badala ya kumwiga mwalimu.

Kwa nini ni muhimu

Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kimwili kila siku. Hata hivyo, asiyeweza kudaka huona haya kucheza mbele ya wenzake, hujitenga, na kwa kutocheza huzidi kubaki nyuma. Ndipo wengine hufika utu uzima wakiamini kuwa michezo si yao.

Wazazi waliokulia Afrika Mashariki wanazifahamu stadi hizi kwa majina mengine. Rede hufundisha kurusha na kukwepa, mdako hufundisha kurusha juu na kudaka, na kuruka kamba hufundisha mapigo na kutua. Mtoto anayelelewa katika ghorofa za ughaibuni, asiye na uwanja wala kundi la jirani, huenda asiikute michezo hiyo popote isipokuwa kwa mzazi wake. Mpira mmoja laini na kipande cha kamba vinatosha kuanzia.