Herufi moja ya mbu

Leo naweka programu kando tuzungumze mbu, ila mtaona ni mambo yetu yale yale.

Mwaka 2000 Hilary Ranson na wenzake walieleza walichokikuta ndani ya Anopheles gambiae, mbu wa malaria, kutoka magharibi mwa Kenya. Kwenye jini ya mlango wa sodiamu katika neva, TTA ilikuwa imegeuka TCA. Herufi moja tu! Dawa ya neti huushika mlango huo usifunge, mbu akaanguka. Herufi ikibadilika, dawa haishiki vizuri. Mbu wa Afrika Magharibi walikuwa na lao, TTT, lililoelezwa mwaka 1998. Kufuli moja, wezi wawili.

Kinachonivutia zaidi ni ufuatiliaji wake. Mguu wa mbu unatosha: unatoa DNA, unanakili kipande hicho kwa PCR, unasoma herufi. Na kwa kuwa watafiti walikuwa wamehifadhi mbu wa miaka ya nyuma, waliweza kurudi kuwapima, kama sisi tunavyofungua matoleo ya zamani kutafuta kosa liliingia lini. Mwaka 1996 herufi hiyo ilikuwa adimu. Kufikia 2010 karibu gambiae wote wa huko walikuwa nayo, na katikati hapo neti zenye dawa zilikuwa zimeenea vijijini.

Neti hazikutupwa, maana bado zinaokoa watoto. Mwaka 2023 WHO ilipendekeza zile zenye dawa ya pili, klofenapiri, isiyopitia mlango huo kabisa.