Kutoka Ulm kwa Kafi Moja

Mtu aliyesimama ukingoni mwa mto Danube mjini Ulm tarehe 13 Mei 1932 asingeona ajabu yoyote. Kijana mmoja aliunganisha fito za mbao, akazivalisha turubai lililopakwa mpira, akapakia mizigo, akaketi, akashika kafi lake lenye bapa mbili na kupotelea kwenye kona ya mto. Wajerumani wa miaka ile walishazoea. Mitumbwi ya kukunja ilikuwa imeenea kwao tangu Alfred Heurich alipobuni wa kwake mwaka 1905, na miaka miwili baadaye mshonaji Johannes Klepper wa Rosenheim akanunua haki ya kuutengeneza. Mwisho wa juma watu walibeba mitumbwi yao kwenye mikoba, wakapanda treni hadi kwenye vyanzo vya mito, wakaunganisha fito na kuteremka na maji.

Oskar Speck alikuwa na mwendo mrefu kidogo kuliko wao. Alikuwa anakwenda Kupro kutafuta kazi.

Alizaliwa mwaka 1907, akakulia upande wa Hamburg, akaanzisha biashara ndogo ya ukandarasi wa umeme. Mwaka 1931 biashara ikafungwa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeikaba Ujerumani. Mwanzoni mwa 1932 watu walioandikishwa kuwa hawana kazi walifikia milioni 6. Speck alikuwa amesikia kwamba migodi ya shaba ya Kupro inahitaji watu. Kisiwa hicho kimehusishwa na shaba tangu zamani hata jina la Kilatini la madini hayo likatokana nacho. Nauli hakuwa nayo, ila mtumbwi alikuwa nao. Aliupa jina la Sunnschien, yaani mwanga wa jua, kwa lahaja ya watu wa kwao kaskazini. Ulikuwa wa watu wawili. Akauweka sawa ubebe mtu mmoja na vitu vyake. Ulikuwa na usukani wa kukanyaga kwa miguu na tanga dogo la kusaidia mikono upepo unapokubali.

Na jambo moja zaidi: hakujua kuogelea.

Danube ni mto mpole kwa anayeteremka. Maji yenyewe hufanya nusu ya kazi. Speck alipita Austria, akapita Hungaria, akaingia Yugoslavia. Lakini mto huo una kasoro moja kwa anayekwenda Kupro, nayo ni kwamba unamwaga maji yake Bahari Nyeusi, mbali na njia yake. Tena ulikuwa umeanza kumchosha kwa upole wake. Kwa hiyo aliuacha, akausafirisha mtumbwi nchi kavu hadi mto Vardar, ambao huteremka kusini kupitia milima ya Makedonia na kuingia Bahari ya Aegean karibu na Thessaloniki.

Vardar haukuwa mpole. Ni mto mfupi, hauzidi kilomita 400, wenye maporomoko na miamba ambayo waendeshaji mitumbwi walikuwa hawajaizoea. Mtumbwi uliumia vibaya. Kuutengeneza kukachukua muda, majira ya baridi yakaingia, mto ukaganda, na msafiri akabaki akingoja barafu iyeyuke. Nadhani hapo ndipo safari ilipobadilika. Mtu anayetafuta kazi kwa haraka angepanda treni. Yeye alikaa na mtumbwi wake hadi maji yalipofunguka.

Huko nyuma, tarehe 30 Januari 1933, Adolf Hitler aliapishwa kuwa Kansela. Speck tayari alikuwa nje ya nchi. Serikali aliyoiacha Mei ilikuwa ya jamhuri; ile ambayo baadaye mabalozi wake wangemgongea pasipoti ilikuwa nyingine kabisa.

Kutoka Thessaloniki alifuata visiwa na pwani za Ugiriki, kisha pwani ya Uturuki, akavuka hadi Kupro. Migodi ilikuwepo. Hakwenda kuomba kazi. Kichwani mwake sasa kulikuwa na Australia.

Badala ya kwenda Misri na Mfereji wa Suez, alivuka hadi Syria, akapanda basi pamoja na mtumbwi wake uliokunjwa mpaka Meskene kwenye mto Frati. Hapa tena mto ulimbeba. Frati ni ule ule unaotajwa katika Mwanzo pamoja na Hidekeli, na mito hiyo miwili huungana kusini mwa Iraki na kuwa Shatt al-Arab kabla ya kuifikia Ghuba. Haukuwa ukimya wa bustani ya Edeni, lakini. Alipigwa risasi kutoka ukingoni, akaendelea kupiga kafi.

Wasomaji wa mwambao wetu watayatambua maji aliyoingia baada ya hapo. Majahazi ya Basra na Kuwait yaliyoshusha tende Mombasa na Zanzibar yalirudi kwa njia hiyo hiyo, yamesheheni boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji kwa ajili ya kuezekea nyumba za Ghuba. Nahodha wa jahazi alikuwa na mabaharia, maji ya kunywa ndani ya matangi, na kaskazi na kusi za kumpeleka na kumrudisha. Speck alikuwa na turubai lenye unene wa nguo nzito. Huko Uajemi alipata malaria, mtumbwi wake ukaibiwa, na ilimbidi atoe rushwa ili urudi mikononi mwake.

Hapo ndipo tofauti ya mto na bahari inapobana. Mtoni mtu akichoka huinua kafi na bado anakwenda. Baharini akiinua kafi mtumbwi hugeuka ubavu, wimbi likaingia. Hawezi kulala, hawezi kunyoosha miguu. Katika mavuko marefu ilimbidi akae usiku kucha akishika usukani kwa nyayo. Na tishio kubwa kuliko yote halikuwa katikati ya kina, lilikuwa pwani, pale wimbi linapoumuka na kuvunjika. Kushuka ni hatari, kuondoka kesho yake ni hatari tena. Mtu asiyejua kuogelea alilirudia hilo kwa miaka.

Alipita pwani ya Makran hadi Karachi, akateremka upande wa magharibi wa Bara Hindi, pwani ambayo wakati wa kusi hupigwa na bahari isiyoruhusu chombo kidogo, na mwaka 1935 akafika Ceylon. Miaka 3 ilikuwa imekwisha tangu Ulm. Magazeti yalianza kumjua. Alilipwa kwa mihadhara na makala, na kampuni ya Pionier ya Ujerumani ilimpelekea mitumbwi mipya kila wa zamani ulipochakaa, kwa kuwa turubai halivumilii chumvi na jua milele. Akapanda pwani ya mashariki ya Bara Hindi, akazunguka Burma, akateremka Malaya hadi Singapore, akaingia visiwa vya Waholanzi, yaani Indonesia ya leo.

Mwaka 1937 alikuwa kwenye kisiwa cha Lakor, mashariki ya Timor. Mwanzoni wenyeji walimpokea vizuri. Usiku kundi la wanaume likamvamia, wakamfunga kwa kamba za ngozi ya nyati, wakampiga mateke kichwani mpaka kiwambo cha sikio kikapasuka. Alizitafuna kamba kwa meno, akajikokota hadi mtumbwini, akaondoka gizani. Simulizi tuliyo nayo ni ya kwake. Ya watu wa Lakor hatuna. Alitibiwa Surabaya kwa muda mrefu, na alipopona hakugeuza njia.

Njia fupi ya kwenda Australia alikatazwa na Waholanzi, ikambidi azunguke kaskazini mwa New Guinea yote. Mzunguko huo ulimla sehemu kubwa ya miaka 1938 na 1939. Alikuwa amepata kamera ya filamu, na picha alizopiga kwa watu wa pwani ile ni hazina kwa wanaosoma historia yao.

Tukitazama picha za mwisho wa safari tutaona kitu kingine pia: kibendera chenye swastika kwenye mtumbwi. Sioni sababu ya kukipitia kwa haraka. Toka Septemba 1935 hiyo ndiyo iliyokuwa bendera ya Ujerumani, na mtu anaweza kusema alipeperusha tu bendera ya nchi yake. Lakini aliipeperusha, miaka 7 baada ya kuondoka nchi ambayo haikuwa na serikali ile, na wengine wote walioiona waliisoma jinsi ilivyokuwa ikisomwa mwaka 1939.

Septemba 1939 alifika Saibai, kisiwa cha Australia kilicho kilomita chache tu kutoka pwani ya New Guinea. Uingereza na Australia zilikuwa zimetangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 ya mwezi huo. Polisi waliompokea walimpongeza kwa kufika kutoka Ujerumani kwa mtumbwi, kisha wakamweka chini ya ulinzi kama raia wa nchi adui. Kilomita kama 50,000 zilikuwa nyuma yake.

Alizuiliwa kambi ya Tatura huko Victoria, akatoroka, akakamatwa, akahamishiwa Loveday, Australia Kusini. Aliachiliwa mwaka 1946. Filamu na karatasi zake sasa zipo Sydney, katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Bahari.

Hakurudi Hamburg kuishi. Alikwenda Lightning Ridge, mji wa machimbo katika jimbo la New South Wales, akashuka shimoni kuchimba opali, kisha akageuka kuwa mkataji wa mawe hayo. Miaka 14 baada ya kuunganisha fito zake pale Ulm, alikuwa ameipata kazi ya mgodini.